Wapenzi wa Timu Isiyoshinda

Mgeni afikaye Eldoret kwa mara ya kwanza hakosi kuambiwa kwamba amefika katika mji wa mabingwa. Ataonyeshwa njia za udongo mwekundu ambazo vijana huzikimbia alfajiri kabla ya umande kukauka. Ataonyeshwa majumba na mashamba yaliyonunuliwa kwa fedha za mbio. Akiuliza habari za uwanja wa michezo, atatajiwa ule wa Kipchoge Keino, uliopewa jina la yule mwana wa Nandi aliyemshinda Mmarekani Jim Ryun kule Mexico mwaka 1968 katika mbio za mita 1,500. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipoimaliza marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, watu wa mji huu walisimama barabarani kwa mamia kutazama katika kioo kikubwa, wakakumbatiana kana kwamba kila mmoja wao ndiye aliyekimbia.

Lakini mgeni huyo akikaa mjini hata juma moja, na juma hilo likawa na mchezo wa Harambee Stars, timu ya taifa ya mpira wa miguu, ataona jambo jingine. Wale wale waliozoea kuwapokea washindi kwa vibuyu vya mursik na nyimbo watajaa mikahawani na katika vibanda vya kuonyeshea mpira, wakitazama timu ambayo wanajua, kwa kadiri binadamu awezavyo kuijua kesho, kwamba itashindwa. Watakaa mpaka kipenga cha mwisho. Kisha watatoka kimya, kila mtu akishika njia yake, na mchezo mwingine ukitangazwa watarudi pale pale.

Kuwashangilia wakimbiaji ni kazi nyepesi. Katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, kwa miaka mingi mtu wa Eldoret hakuuliza kama Mkenya atashinda, bali ni Mkenya yupi. Naye atazamaye mbio za namna hiyo ni kama mtu aendaye harusini, ambaye wasiwasi wake ni juu ya pilau tu. Mwaka 2015 kule Beijing, katika mashindano ya riadha ya dunia, Kenya ilizitangulia nchi zote kwa medali 7 za dhahabu. Mpenzi wa Harambee Stars hana raha hiyo. Yeye ni kama mtu aliyemkopesha ndugu yake fedha. Hawezi kuzidai kwa nguvu, hawezi kuzisahau, na ndugu huyo akija tena na shida mpya humpa nyingine.

Hesabu ya timu hii katika Kombe la Mataifa ya Afrika si ndefu, na mtu mwenye kalamu anaweza kuiandika nyuma ya bahasha. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1972 kule Kamerun, ambako Kenya ilifungwa na wenyeji mabao 2 kwa 1, ikatoka sare na Mali, ikatoka sare na Togo, ikarudi nyumbani. Ikakaa miaka 16 kabla ya kufika tena. Mwaka 1988 kule Moroko ilifungwa na Nigeria mabao 3 kwa bila, ikafungwa na Misri mabao 3 kwa bila, na mchezo wa tatu na Kamerun haukuwa na bao lolote. Mwaka 1990 kule Aljeria ilicheza michezo mitatu bila kufunga hata bao moja. Mwaka 1992 kule Senegal ilifunga bao 1 katika michezo miwili. Basi katika mashindano hayo matatu yaliyofuatana, michezo minane kwa jumla, Wakenya walipata kuruka kwa furaha mara moja tu, na hata siku hiyo timu ilifungwa na Nigeria mabao 2 kwa 1.

Wapo wapenzi wa mpira ambao hawawezi kulisikia jina la Senegal bila kukunja uso, nao wana haki. Mwaka 1992 Senegal iliifunga Kenya mabao 3 kwa bila. Mwaka 2004, kule Tunisia, 3 kwa bila. Mwaka 2019, kule Misri, 3 kwa bila. Miaka 27, vizazi viwili vya wachezaji, makocha wasiohesabika, na karani wa matokeo angeweza kutumia karatasi ile ile akabadilisha tarehe.

Hata hivyo si haki kusema kwamba timu hii haikupata kushinda kamwe. Laiti ingekuwa hivyo, wapenzi wake wangaliiacha zamani na kulala usingizi. Kombe la Gossage liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, Kenya ndiyo iliyolitwaa mbele ya Uganda. Mashindano ya Afrika Mashariki na Kati Kenya iliyashinda mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, na golikipa Mahmoud Abbas wa Mombasa akapewa na wananchi jina la Kenya One ambalo halikumtoka tena. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika Yote ilipofanyika Nairobi katika uwanja mpya wa Kasarani, Harambee Stars ilifika mchezo wa mwisho, ikafungwa na Misri bao 1 kwa bila. Mwaka huo huo Gor Mahia ilichukua kombe la Afrika la washindi mbele ya Esperance ya Tunis. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1987 aliamini kwa moyo safi kwamba mlango umefunguka, na kwamba yaliyobaki ni kuingia tu. Ndiye huyo aliyeketi mbele ya redio mwaka uliofuata akisikiliza mabao ya Nigeria na Misri.

Tena inafaa kukumbuka kwamba katika siku hizo kushindwa kulikuja kwa sauti, si kwa picha. Msikilizaji wa Turbo au Ziwa alikuwa mikononi mwa mtangazaji, na watangazaji wa Kiswahili wa wakati huo, Leonard Mambo Mbotela akiwa miongoni mwa waliopendwa zaidi, waliweza kuufanya mpira uliopigwa nje kwa umbali wa hatua kumi usikike kana kwamba umegusa mwamba. Mbotela alifariki mwezi Februari 2025, na wazee wengi walisema kwamba pamoja naye ilizikwa namna moja ya kushindwa kwa heshima. Siku hizi kioo huonyesha kila kosa, kisha hulirudia polepole ili mtu asije akalikosa.

Yuko mkulima mmoja wa mahindi upande wa Moiben, mzee sasa, ambaye aliianza safari hii mwaka 1972 akiwa kijana, kwenye redio ya duka, amesimama nje pamoja na wenzake kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Ameona mahindi yake yakiliwa na viwavi, ameona bei ya gunia ikianguka wiki ile ile aliyokodi lori, na kila mara alipanda tena. Mwanawe ni karani mjini. Kijana huyu alirithi kwa baba yake ekari chache, kofia ya mvua, na Harambee Stars. Na katika vitu hivyo vitatu, ni kimoja tu alichotaka kukirudisha.

"Baba," alisema usiku mmoja baada ya mchezo, "mimi nimechoka. Ziko timu za Uingereza ambazo mtu akizishangilia hulala."

"Umechoka baada ya miaka mingapi?" mzee aliuliza.

"Yapata kumi na mitano."

"Basi umechoka upesi, mwanangu. Mimi nilikaa miaka thelathini na miwili nikingoja washinde mchezo mmoja katika Kombe la Afrika."

Mzee hakutia chumvi. Toka 1972 hadi 2004 ni miaka 32 kamili. Ushindi huo wa kwanza ulipatikana Bizerte, Tunisia, tarehe 2 Februari 2004, na ulikuwa mchezo wa 14 wa Kenya katika mashindano hayo. Burkina Faso ilifungwa mabao 3 kwa bila, wafungaji wakiwa Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Ubaya ni kwamba Kenya ilikuwa imekwisha kufungwa na Mali na Senegal, na ushindi huo, mzuri kama ulivyokuwa, haukuweza kuwapeleka popote isipokuwa uwanja wa ndege. Mzee hakujali. Alichinja jogoo, na mkewe alipouliza mgeni ni nani, alijibiwa kwamba hakuna mgeni.

Kijana hata hivyo alifanya alivyosema. Alijiunga na wapenzi wa Arsenal ya London, ambao ni wengi katika Eldoret, na akanunua fulana nyekundu. Klabu hiyo, baada ya kuchukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2004, ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuuchukua tena, na miaka mingine ilimaliza ya pili, jambo ambalo labda linauma kuliko kumaliza ya kumi. Kijana alikimbia mvua akaingia mtoni. Mzee alipopata habari hizi hakusema neno, ila alionekana akitabasamu siku mbili mfululizo.

Wako wasemao kwamba Harambee Stars haina bahati. Maneno hayo ni ya kumtuliza mtoto. Bahati mbaya yaweza kumwandama mtu msimu mmoja au miwili, haiwezi kukaa nusu karne bila kusaidiwa. Mara tatu, mwaka 2004, 2006 na 2022, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya ugomvi wa uongozi wa mpira, na kifungo cha 2022 kiliiondoa timu katika michezo ya kufuzu ya Kombe la Afrika la 2023 kabla haijagusa mpira. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuamka peke yake, akavaa viatu, akakimbia, na viongozi wa chama cha riadha wakigombana usiku kucha yeye atakuwa amekwisha maliza kilomita 20. Mchezaji wa mpira hawezi kucheza peke yake. Anahitaji wenzake kumi, na uwanja, na mashindano yanayoanza siku yaliyotangazwa, na mtu mwaminifu wa kushika fedha. Hapo ndipo penye tofauti kati ya mchezo unaoupa mji huu sifa na mchezo unaoupa machozi, na si katika miguu ya vijana.

Eldoret yenyewe ilikuwa na timu. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha nguo cha Rivatex na kile cha maziwa cha KCC vilikuwa na timu zilizocheza katika ligi ya juu, na fundi wa mashine aliweza kumwona mwenziwe wa zamu akicheza na Gor Mahia siku ya Jumapili. Viwanda vilipoyumba, timu ziliyumba navyo. Nao uwanja wa Kipchoge Keino, ambao ulikusudiwa kupanuliwa uwe wa kisasa, ukapitia miaka mingi ya kazi ya kusuasua, hata watu wakazoea kuyaona majukwaa yasiyokwisha kama wanavyozoea mlima. Basi mpenzi wa mpira wa Eldoret akawa hana timu ya nyumbani ya kumfariji, na mapenzi yake yote yakabaki kwa timu ya taifa, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 310, Nairobi. Na kwa kuwa mji uko kwenye barabara kuu iendayo Malaba, kila Kenya inapofungwa madereva wa malori kutoka Uganda husimama hapa kunywa chai na kuuliza, kwa upole mwingi, kama kuna mtu aliyesikia matokeo. Wao wenyewe hawajapata kombe la Afrika. Walifika mchezo wa mwisho mwaka 1978 wakafungwa na Ghana. Lakini wamefika.

Ugonjwa huu si wa Kenya peke yake. Huko Marekani, katika mchezo wao wa besiboli, ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, iko timu ya Chicago iitwayo Cubs. Ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha haikuutwaa tena mpaka 2016. Miaka 108. Watu walizaliwa, wakaipenda, wakazeeka na kufa bila kuona siku moja ya kutamba mbele ya jirani. Ushindi ulipokaribia, wapenzi wa timu hiyo walikwenda kwenye kuta za matofali za uwanja wao na kuandika kwa chaki majina ya baba zao na mama zao waliokufa wakingoja, hata kuta zikajaa kwa kadiri mkono wa mtu unavyoweza kufika. Mtu mmoja aliendesha motokaa kutoka North Carolina hadi Indiana, akaketi kaburini pa baba yake usiku na redio ndogo, akausikiliza mchezo wa mwisho pale, kwa sababu walikuwa wameahidiana kuusikiliza pamoja.

Karani wa Eldoret aliposoma habari hiyo hakuieleza kwa baba yake kwa muda mrefu. Alihofu kwamba mzee angeielewa vizuri kupita kiasi.

Mwaka 2019 ulimrudisha kijana huyu nusu njia. Kule Cairo, tarehe 27 Juni, Kenya ilikutana na Tanzania. Msuva akafunga, Olunga akasawazisha, na kabla ya dakika mbili kupita Samatta akaipeleka Tanzania mbele tena. Katika kibanda alimokuwa kijana, watu walianza kutafuta funguo zao. Baada ya mapumziko Johana Omolo alisawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Michael Olunga akafunga la tatu. Ulikuwa ushindi wa pili wa Kenya katika Kombe la Afrika tangu 1972. Siku 10 baadaye, tarehe 7 Julai, alifariki Joe Kadenge, aliyekuwa nyota wa mpira wa Kenya tangu kabla ya uhuru na ambaye wazee huwataja watoto kwa maneno ya redio, "Kadenge na mpira". Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na mchezo wa Senegal, ambao matokeo yake msomaji ameyasoma juu.

Kisha ukaja Agosti 2025. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, na Harambee Stars, chini ya kocha Benni McCarthy wa Afrika Kusini, ilifanya mambo yaliyowatia watu hofu, maana hawakuyazoea. Iliifunga Kongo bao 1 kwa bila. Ilitoka sare na Angola. Iliifunga Moroko, ikaifunga Zambia. Mzee wa Moiben, ambaye kwa miaka mingi hakukanyaga Nairobi ila kwa mazishi, alipanda matatu ya asubuhi pamoja na mwanawe kwenda Kasarani kutazama robo fainali na Madagaska, tarehe 22 Agosti. Mchezo uliisha bao 1 kwa 1. Wakaenda kwenye penalti, na Madagaska ikashinda 4 kwa 3.

Njiani kurudi, karibu na Nakuru, gari zima lilikuwa limelala isipokuwa wao wawili.

"Baba, umeumia?"

"Nimeumia," mzee alisema. "Lakini leo wameniumiza kwa kuwa karibu. Zamani waliniumiza kwa kuwa mbali."

Tarehe 5 Septemba, siku 14 tu baada ya hapo, katika uwanja ule ule, timu kamili pamoja na wachezaji wa ng'ambo ilicheza na Gambia kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, ambalo Kenya haijapata kulicheza tangu liumbwe. Ilifungwa mabao 3 kwa 1. Kijana aliutazama mchezo huo Eldoret, akiwa amevaa fulana ya Harambee Stars, na asubuhi yake aliivaa tena kwenda sokoni, labda kwa kiburi, labda kwa sababu ilikuwa safi.

Sasa linalozungumzwa nyumbani kwa mzee ni Kombe la Afrika la 2027, ambalo shirikisho la mpira la Afrika, mwezi Septemba 2023, lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kuliandaa kwa pamoja. Mzee hulifurahia jambo moja kuliko yote, yaani kwamba mwenye nyumba habishi hodi kwake. Kijana humkumbusha kwamba Kenya ilipewa mashindano ya 1996 ikashindwa kuyatayarisha yakaenda Afrika Kusini, na kwamba ilipewa yale ya wachezaji wa nyumbani ya 2018 yakaenda Moroko. Mzee husikiliza, hutikisa kichwa, hukubali kwamba yote hayo ni kweli. Kisha huuliza nauli ya kwenda na kurudi Nairobi kwa watu watatu itakuwa kiasi gani, maana mjukuu wake sasa amefika umri wa kuelewa mpira, naye hakutaka kumtia mtoto katika jambo hili, lakini mtoto ameomba mwenyewe.